Kabla Hujamwita Fundi wa Mabango, Tazama Jina Linalotokea Kwenye Simu ya Mteja

Kuna maswali mawili ambayo wafanyabiashara wengi huyachanganya. La kwanza: je, nimechoka na sura ya biashara yangu? La pili: je, sura hii bado inasema ukweli kuhusu biashara yangu? Kwa maoni yetu, swali la kwanza lisikutoe hata shilingi moja mfukoni. La pili ndilo linalofaa kukufanya umtafute fundi wa mabango, na jibu likiwa "hapana", usikawie.

Tunaandika tukiwafikiria hasa wateja wetu wa Kitale na Bungoma: wenye maduka karibu na stendi, wenye agroveti, kinyozi wa Kanduyi, mama wa mboga soko la Chwele. Siku hizi sehemu kubwa ya mauzo yenu inapita kwa simu. Kwa hivyo sura ya biashara haiishii ukutani. Ina kipande kingine ambacho fundi wa rangi hakioni, nacho ni lile jina ambalo mteja huonyeshwa kwenye simu anapolipa. Bango likisema jambo moja na simu ikisema lingine, mteja anasita. Na mteja anayesita akiwa na pesa mkononi, mara nyingi huirudisha mfukoni.

Aliyechoka ni wewe, si mteja

Bango lako unaliona asubuhi ukifungua na jioni ukifunga. Kwa miaka mitatu umeshaliona zaidi ya mara elfu mbili. Mteja anayetoka Kiminini mara moja kwa mwezi ameliona mara thelathini na kitu, tena hakulisoma. Alitafuta ule ukuta wa bluu ulio pembeni ya duka la dawa, akaingia. Kwake ile bluu ni njia ya kufika kwako. Ukiipaka nyekundu kwa sababu "nimeiboeka tu", umemng'olea alama aliyoizoea, na jirani yako mwenye ukuta wa bluu atakushukuru.

Tuangalie mfano wa hapa hapa. Kitale ni nyumbani kwa Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa 1956. Mkulima wa Trans Nzoia akiingia agroveti haulizi kuhusu nembo wala kaulimbiu. Anasema, "Nipe H614." Hilo ni jina kavu kabisa, herufi moja na tarakimu tatu. Hakuna mkutano wa watu wa matangazo ambao ungelichagua leo. Lakini nyuma ya jina hilo kuna miongo ya mavuno, na baba amemwambia mwana. Sasa tazama kilichobadilika: mbegu feki zilipokuwa tatizo, pakiti za mbegu zilianza kuwekwa kibandiko cha kukwangua chenye nambari ya siri, ambayo mkulima anaituma kwa SMS kwenda 1393 ili ajue kama mbegu ni halali. Jina lilibaki pale pale, ulinzi ndio ulioongezwa. Hayo ndiyo mabadiliko tunayoyaunga mkono, yale yanayojibu shida ambayo mteja anayo kweli.

Ukishuka kutoka Kitale kuelekea Bungoma utapita Webuye, na hapo kuna funzo la pili. Kile kiwanda cha karatasi kilijulikana kwa miaka mingi kama Panpaper. Kilifungwa 2009, na 2016 kikachukuliwa na kundi la Rai, kikapewa jina Rai Paper. Hata hivyo, wengi mtaani bado wanasema Panpaper. Jina likishaingia vinywani mwa watu, si lako peke yako tena. Unaweza kulibadilisha kwenye karatasi kwa siku moja, lakini vinywani itachukua miaka. Kwa hivyo kabla hujalitupa, hakikisha una sababu nzito kuliko kuchoka.

Dalili kwamba wakati umefika

Tusieleweke vibaya. Hatusemi ukae na bango la zamani hadi lianguke. Kuna wakati kukaa kimya ndiko kunakokula biashara. Sisi tunaona dalili tano.

Ya kwanza ni kwamba unachouza kimebadilika. Ulianza na kunyoa, sasa una pia huduma ya kuchapisha na kutoa pesa, lakini ukutani bado kuna mkasi na kitana tu. Hapa ushauri wetu ni huu: badilisha maelezo, acha jina. Duka kubwa la Khetia's lililoanzia Kitale lina jina la kampuni lenye neno "Drapers", yaani wauza vitambaa, lakini leo watu wanaenda huko kununua unga na sukari, na jina Khetia's bado linawaleta. M-PESA nayo ilipoanza Machi 2007 ilijitangaza kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mwaka 2013 ikaja Lipa na M-PESA, na kazi ya huduma ikawa kubwa kuliko lile tangazo la kwanza. Mabango yalibadilika, jina halikuguswa.

Ya pili ni kwamba njia ya kukupata imebadilika. Bado tunaona risiti na kalenda zenye nambari ya simu ya mezani ya 054 au 055 ambayo hakuna anayeipokea, na mihuri yenye "Rift Valley Province" au "Western Province" ilhali serikali za kaunti zilianza kazi 2013. Hilo la mkoa ni aibu ndogo. Hatari kubwa iko kwenye nambari ya simu ya mkononi. Laini ikikaa muda mrefu bila kutumika, kampuni ya simu inaweza kumpa mtu mwingine. Kama ile nambari yako ya zamani bado imeandikwa kwenye mlango wa duka au kwenye kadi za biashara ulizogawa miaka minne iliyopita, mteja mwaminifu anaweza kutuma pesa ya mzigo kwa mtu asiyemjua. Hapo si suala la urembo tena. Bango kama hilo lifutwe leo, si mwezi ujao.

Ya tatu, njia ya kulipa imebadilika. Aprili 2022 Benki Kuu ya Kenya pamoja na kampuni za simu walitangaza mpango wa kuwawezesha wateja wa mitandao tofauti kulipa kwa till za wafanyabiashara. Lakini kuna maduka ambayo stika zake bado zinamfanya mteja wa mtandao mwingine adhani hatakiwi. Kama unaweza kupokea pesa yake, mwambie kwa maandishi makubwa. Stika moja yenye maelezo sahihi inaweza kukuletea mauzo kuliko bango zima jipya.

Ya nne, sheria imebadilika. Tarehe 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Kila duka lililokuwa limechapisha jina lake kwenye mifuko hiyo lililazimika kufikiria upya, litake lisitake. Waliofanya vizuri hawakubadilisha kila kitu kwa pupa. Walihamisha jina lile lile na rangi ile ile hadi kwenye mfuko mpya.

Ya tano, mwenye biashara amebadilika, au umechanganywa na mtu mwingine. Wengi mnakumbuka: Kencell ya 2000 ikawa Celtel 2004, ikawa Zain 2008, ikawa Airtel 2010. Majina manne ndani ya miaka kumi. Halikuwa suala la kuchoka na rangi. Wenye kampuni walibadilika, na kila mmoja alikuja na jina lake. Huduma ya pesa nayo ilifuata: Zap iliyoanza 2009 ikaja kuwa Airtel Money. Kampuni kubwa ina uwezo wa kuweka tangazo redioni kutwa kucha ili watu wajifunze jina jipya. Wewe mwenye duka moja pale Kimilili huna. Ukinunua biashara ya mtu yenye jina zuri, fikiria mara mbili kabla ya kulifuta ili tu uweke lako. Lakini kama jina la aliyekuuzia lina madeni na malalamiko, au kama kuna duka lingine la jina hilo hilo barabara ya pili na wateja wanalipa till isiyo yako, basi badilisha, na ubadilishe wazi wazi.

Jina la ukutani na jina la kwenye simu

Hapa ndipo wengi wanapoteleza, na ndipo sisi kama watu wa malipo ya simu tuna neno la kusema.

Mfano wa kufikirika: duka lilisajiliwa kama "Nafuu General Stores". Mwenyewe amepaka bango jipya, "Baraka Minimart", limependeza kweli. Mteja mpya anaingia, anachukua bidhaa za shilingi 1,850, anaweka nambari ya till, na simu inamwonyesha Nafuu General Stores. Anasimama. Anamtazama mhudumu. Mhudumu anasema, "Ni hiyo hiyo, lipa tu." Sasa jiulize: si maneno hayo hayo ndiyo tapeli angetumia? Tapeli anayebandika stika yake juu ya stika yako, na huo ni ujanja unaojulikana, anategemea sana mteja aliyezoea kuambiwa "ni hiyo hiyo, lipa tu". Kila siku ambayo majina yako mawili hayafanani, unawafundisha wateja wako kupuuza kinga yao wenyewe.

Kwa hivyo msimamo wetu ni mmoja: kama huko tayari kubadilisha jina la till, usibadilishe jina la bango. Rangi, sawa. Maandishi, sawa. Picha, sawa. Lakini jina liende pamoja, ukutani na kwenye simu, au libaki pamoja.

Utaratibu: bango liwe la mwisho

Watu wengi huanza na fundi wa mabango kwa sababu kazi yake inaonekana. Sisi tungeanza upande ule mwingine.

Anza na usajili. Mabadiliko ya jina la biashara hupitia huduma ya usajili wa biashara kwenye eCitizen. Halafu weka sawa rekodi zako za kodi na leseni ya kaunti, maana Trans Nzoia ni kaunti nyingine na Bungoma ni nyingine, na kama una tawi kila upande utashughulikia pande zote mbili. Ulizia pia ada ya bango katika ofisi ya kaunti kabla hujalitundika. Kisha nenda kwa kampuni iliyokupa till ukiwa na cheti, kitambulisho na PIN ya KRA, uombe jina lirekebishwe. Ukishaambiwa tayari, usiamini kwa mdomo tu. Chukua simu ya mtu mwingine, lipa shilingi kumi kwa till yako, usome jina linalotokea. Likiwa sawa herufi kwa herufi, ndipo umwite fundi.

Pia toa muda wa mpito. Kwa hili hata serikali inatupa mfano mzuri. Juni 2019 Kenya ilizindua noti mpya. Sababu zilikuwa za kweli: Katiba ya 2010 inasema noti zisiwe na sura ya mtu binafsi, na Benki Kuu ilitaja pia pesa haramu na noti bandia. Haikuamka asubuhi ikasema za jana si pesa. Noti ya zamani ya shilingi 1,000 ilipewa hadi mwisho wa Septemba mwaka huo, na zile ndogo zikaendelea kutumika pamoja na mpya. Kisha 2024 zikaja noti zenye mabadiliko machache: sahihi mpya na uzi mpya wa usalama, huku muonekano ukibaki ule ule na za awali zikiendelea kutumika. Hapo una aina zote mbili za mabadiliko. Kukiwa na sababu kubwa, badilisha mengi na utoe tarehe. Kukiwa na sababu ndogo, gusa kidogo tu.

Kwa duka, mpito ni kitu rahisi. Kwa miezi mitatu andika chini ya jina jipya: "zamani tukiitwa hivi". Tuma ujumbe kwa wateja wako wa WhatsApp kabla ya bango kupanda, si baada. Waambie wahudumu wako wote maneno mamoja ya kujibu mteja akiuliza. Na stika za zamani zibandue mwenyewe, zote, hadi ile ya nyuma ya kaunta.

Hesabu na msimu

Tuseme ukweli, pesa ya bango ni pesa ambayo ingenunua stoki au kulipa karo. Tuchukue hesabu ya mfano tu. Bango, stika, vitabu vya risiti na fulana mbili za wahudumu vikifika shilingi 20,000, na kila pakiti ya unga inakupa faida ya shilingi 5, basi umetumia faida ya pakiti 4,000. Je, sura mpya italeta wateja wa pakiti 4,000 zaidi? Kama dalili moja kati ya zile tano ipo, huenda ndiyo, kwa sababu kuna pesa unayoipoteza kila siku. Kama hakuna hata moja, rangi ya shilingi elfu chache kwa jina lile lile inatosha. Bango lililopauka linahitaji kupakwa upya. Halihitaji jina jipya.

Halafu kuna msimu. Mwenye agroveti Kitale asiguse ukuta wake mwezi wa tatu na wa nne, wakati wakulima wanatafuta mbegu na mbolea na wengine wanakuja wakifuata alama waliyoiacha mwaka jana. Mwenye duka la sare na vitabu asifanye hivyo Januari. Bungoma nako, wenyeji wanajua kwamba Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili ni msimu wa tohara ya Wabukusu, wageni ni wengi na vyakula, nguo na vyombo vinatoka. Ukitaka mabadiliko yaonekane msimu huo, yakamilike miezi miwili kabla, hadi jina la till. Ukichelewa, ngoja msimu upite.

Na wewe unayelipa

Wengi wenu mnaosoma hapa hamna duka. Mnalipa tu. Nanyi mna haki katika jambo hili. Ukiona bango jipya mahali ulipozoea, soma jina kwenye simu kabla hujakamilisha malipo. Likitofautiana na la ukutani, uliza kwa sauti, bila aibu: "Hii ni till ya nani?" Mfanyabiashara mwaminifu atakuonyesha cheti au risiti, au atampigia mwenye duka simu papo hapo. Ukijibiwa kwa haraka na hasira, weka bidhaa chini. Ukiwa umelipa tayari na una shaka, usifute ujumbe wa malipo. Wasiliana mara moja na huduma kwa wateja ya mtandao wako ukiwa na nambari ya muamala.

Swali hilo moja linamsaidia pia mwenye duka. Akiulizwa na wateja watano kwa siku, ataelewa kwamba kazi aliyoianza ukutani hajaimaliza. Basi kama wewe ndiye mwenye duka, jaribu leo kabla hujafunga: omba simu ya jirani, lipa shilingi kumi kwa till yako, toka nje, simama barabarani. Soma jina la simuni, kisha soma la ukutani. Yakifanana, na nambari ya simu pale juu bado unaipokea wewe, nenda nyumbani ukalale. Sura yako bado inafanya kazi.